Uliza Mama Vyungu: Bundi wa bluu kabatini, mama mkwe hataki kumuona

Kamwene kwa wa Iringa, ugonile kwa wa Rungwe na Kyela, wengine habari zenu. Meseji za safari hii ni udongo mtupu, na sijui mmeambizana. Swali la kwanza nimelipa nafasi kubwa maana dada wa watu ameuliza mambo manne kwa mpigo.

SWALI: Shikamoo Mama Vyungu. Mi niko Kihesa hapa Iringa. Babu wa mume wangu alikuwa seremala wa misheni enzi hizo, kuna sista mmoja wa Kiitaliano wakati anarudi kwao alimwachia vitu viwili vya udongo, bundi mdogo na bakuli, vyote rangi ya bluu inayokwenda kwenye kijani, vinang'aa, na mwili mzima umejaa alama za duara na vimistari kama vimegongwa na kitu. Babu katangulia, vitu vimekuja kwetu. Mama mkwe anasema bundi ni mkosi hataki kumuona, ila bakuli analitaka aweke pilipili yake ya ndimu. Shemeji kapiga picha, simu ikaleta jina la Aldo Londi. Kwa chini kuna namba na neno ITALY basi, jina la mtu hakuna. Huyo Londi ni nani, mbona hajaandika jina lake, hivi vitu ni vya kweli, na je, nimpe mama bakuli?

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama mkwe mpe shikamoo yangu. Hoja yake ya bundi nitaifikia, ila hilo bakuli asiweke chochote kwanza mpaka umalize kusoma.

Aldo Londi alikuwa mfinyanzi wa Kiitaliano, alizaliwa mwaka 1911 mji unaoitwa Montelupo Fiorentino, mji mdogo pembeni ya mto Arno, kilomita 20 na kitu kutoka Firenze. Ukitaka kuuelewa fikiria Ikombe, kule kwa Wakisi ziwani, yaani mahali ambapo unazaliwa unakuta udongo, unakua unashika udongo, na unakwenda sokoni kuuza udongo. Karne ya 15 na 16 matajiri wa Firenze walikuwa wanakula kwenye sahani za Montelupo, na vyombo vya hapo vilipanda meli vikafika mbali sana. Halafu mwaka 1973 wakagundua kisima cha zamani pale mjini kimejaa vyombo vilivyoharibika na vya kutupa, uchafu wa mafundi wa karne hizo, wakaanza kutoa kipande kimoja kimoja kama mtu anayechambua maharage, ikawa hazina ya makumbusho. Mi nikisoma hiyo habari nacheka, maana fundi anayechoma kidogo hawezi kujaza kisima.

Basi Londi akaingia kazini ana miaka 11. Darasa la tano hiyo kwetu! Karakana ya kwanza ilikuwa ya ndugu wa Fanciullacci, hapohapo Montelupo. Nawajua watoto wa karakana kwa sababu na mimi nilikuwa mmoja wao, bibi yangu upande wa mama alikuwa mfinyanzi na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutoa vijiwe kwenye udongo, kutwa nzima kutoa vijiwe, na ole wako kimoja kikipita maana tukichoma mtungi unapasuka na bibi anajua nani alikuwa zamu. Mtoto aliyeanza hivyo udongo anaujua kwa vidole kabla hajaujua kwa macho, na ukiangalia kazi za Londi vidole vinaonekana, nitakuonyesha hapo chini.

Vita ya pili ya dunia ikaja, akaenda jeshini, akakamatwa, akapelekwa mateka Afrika Kusini. Msishangae, Waitaliano waliokamatwa na Waingereza waliletwa kwa maelfu upande huu wa kwetu, hata ukipita barabara ya Mai Mahiu kule Kenya kuna kanisa dogo mno chini ya bonde la ufa, walijenga wao mwaka 1942. Londi yeye alirudi kwao 1946, mtu wa miaka 35, nchi imebomoka, akaanza kazi kwenye kiwanda cha Bitossi. Hicho kiwanda alikianzisha Guido Bitossi mwaka 1921, na Londi akapewa usimamizi wa sanaa yote, yaani yeye ndo anaamua umbo gani litoke, nakshi gani, rangi gani. Akakaa hapo mpaka nywele zikawa nyeupe. Amefariki 2003.

Sasa tuje kwenye bundi wako. Hiyo rangi ina jina, inaitwa Rimini Blu, Rimini ni mji wa pwani huko Italia, Londi aliibuni miaka ya 50 na ikanunuliwa kwa wingi sana, hasa Marekani. Watu wanadhani siri ni rangi. Mi nabisha! Rangi ya bluu wengi walikuwa nayo, ukiweka madini ya shaba nyekundu au kobalti kwenye glezi, ile rangi ya kioo inayopakwa juu ya chombo king'ae, unapata bluu za kila namna, na viwanda vingine viliiga haraka tu. Kazi yenyewe iko kwenye zile alama ulizosema zimegongwa na kitu.

Ngoja nikwambie inavyofanyika. Chombo kikishatengenezwa unakiacha kikauke nusu, kinafika mahali ukikigusa udongo haubaki kidoleni lakini kucha bado inaacha alama. Hapo una muda mfupi tu, siku ya upepo kama wa Makambako unaweza ukageuka kunywa chai ukirudi kishakauka. Fundi anashika kichapa, kijiti au kipande kilichochongwa duara, jani, nyota, mstari, anakandamiza mstari mmoja unazunguka chombo chote, akimaliza anashuka mstari wa pili na kichapa kingine, mpaka mwili mzima unakuwa kama kitenge. Ukikandamiza sana unatoboa au unabonyeza umbo, ukikandamiza kidogo glezi ikija itafunika alama yote usione kitu. Halafu ukishachomwa mara ya kwanza unapakwa glezi, ambayo ni kioo kilichosagwa kikachanganywa na maji, unarudi tanuruni, kile kioo kinayeyuka kinatiririka na kujikusanya kwenye mashimo ya vichapa. Kwenye shimo glezi ni nene kwa hiyo bluu inakuwa ya giza, kwenye ukingo ni nyembamba inapauka. Mchukue bundi msogeze dirishani asubuhi, mzungushe taratibu, utaona rangi inahama. Hiyo rangi imepakwa moja tu, ila kidole kilichoshika kichapa ndo kimeigawa mara elfu.

Kwa hiyo ndo maana kwangu Londi ni mkubwa kuliko wengi wanaotajwa. Na hapa kuna jambo linaniuma kidogo. Katikati ya miaka ya 50 kuna mfanyabiashara wa New York, Irving Richards, alikuwa na kampuni ya Raymor inayoingiza bidhaa hizi Marekani, akamwambia kijana mmoja msanifu, Ettore Sottsass, atengeneze vyombo vya udongo. Sottsass akaja kufanyia Montelupo, kwa Bitossi, mafundi walewale, tanuru zilezile za Londi. Sottsass huyo baadaye akawa jina kubwa dunia nzima, ndiye wa ile taipureta nyekundu ya Olivetti ya mwaka 1969, Valentine, na kundi la wabunifu lililoitwa Memphis mwaka 1981. Kazi zake za udongo ni nzuri, sikatai, ana minara ya rangi kama pipi zilizopangwa. Ila ukimtaja Sottsass kila mtu wa sanaa anaitika, ukimtaja Londi wanakuuliza nani huyo. Mmoja alikuja na wazo akaondoka, mwingine alikuwepo asubuhi tanuru linapofunguliwa, na anayejua glezi hii inataka moto gani ni yule aliyekuwepo.

Ndo nakuja kwenye swali lako la jina. Kiwanda kile chombo kimoja kinapita mikono mingi, mmoja anamimina uji wa udongo kwenye kalibu au anazungusha gurudumu, mwingine anapiga vichapa, mwingine glezi, mwingine anapanga tanuruni, na chini wanaandika namba kwa mkono, mara nyingi ya umbo, na ITALY kwa ajili ya forodha huko kinakoenda. Wengine walibandika stika ya karatasi, ikioshwa mara tatu imekwisha. Usione ajabu, hata wewe ukinunua chungu pale Lyulilo Jumamosi, lile soko la vyungu karibu na Matema, unasema nimenunua chungu cha Kikisi. Umewahi kuuliza aliyekifinyanga anaitwa nani? Mi nimenunua miaka 30 nimeuliza mara mbili tu, na najiita mama vyungu.

Kama ni vya kweli siwezi kuapa kwa picha. Neno ITALY peke yake halitoshi maana walioiga nao walikuwa Waitaliano. Angalia hivi: pitisha kidole kwenye mistari ya vichapa, ya mkono haiwi sawa, kuna mahali duara mbili zimegusana na mahali zimeachana, na mwisho wa mzunguko pale mstari unapokutana na mwanzo wake fundi alibanwa nafasi akabana duara la mwisho. Nikipata hapo mi nafurahi kuliko kuona sahihi. Kama kila alama ni sawasawa na mwenzake kama vigae vya bafuni, ujue nakshi ilikuwa tayari kwenye kalibu. Na usisahau kiwanda bado kipo na Rimini Blu bado inatolewa mpaka leo, ila chako kama kimetoka kwa sista enzi za babu basi umri kinao. Waitaliano Iringa ni wa zamani, wamisionari wa Consolata wako Tosamaganga tangu 1919, kwa hiyo kukuta kitu cha Kiitaliano kwenye kabati la seremala wa misheni mi wala sishtuki.

Na usikioshe na stiliwaya, nakuomba.

Haya, mama mkwe. Pilipili ya ndimu kwenye bakuli hilo HAPANA. Glezi nyingi za zamani za moto mdogo ziliwekwa madini ya risasi ili ziyeyuke vizuri na zing'ae, na zikiwa na shaba ndani yake hiyo risasi inatoka kirahisi zaidi ikikutana na kitu kichachu. Ndimu ikilala humo wiki mbili mnakula sumu bila kujua, na watoto ndo wanaumia kwanza. Sisemi la kwenu lazima linayo, nasema halikutengenezwa kwa achari, weka funguo, weka vifungo, mnunulie mama chupa ya kioo yenye kifuniko. Kuhusu bundi, Wazungu wengi kwao ni alama ya akili, Londi alitengeneza na paka, na farasi, na fahali, kwake ilikuwa mifugo tu. Lakini siwezi kukwambia ugombane na mkwe kwa ajili ya udongo. Mgeuze aangalie ukutani mama akija, akiondoka mgeuze tena.

SWALI: Mama Vyungu mimi ni kijana wa Uyole, Mbeya. Niliona video za glezi nikaagiza unga wake Dar, nikapaka kwenye vyungu viwili vya Kikisi vizuri kabisa nikavichoma kwa kuni kama wanavyochoma tofali hapa kwetu. Kimoja kimepasuka, kingine unga umebaki unga, umeshika majivu, unabanduka. Nimekosea wapi, unga ni feki?

JIBU: Unga mzima mwanangu, moto ndo haukufika. Glezi ni kioo, na hata zile za moto mdogo nyingi zinataka nyuzi 950 mpaka 1,000 hivi, zitulie hapo kidogo ziyeyuke. Moto wa wazi wa kuni na nyasi, ule wanaochomea akina mama wa Kikisi, kwa kawaida unacheza kwenye 600 mpaka 800, unapanda haraka unashuka haraka. Tofali lako likipata nyuzi hizo linakuwa tofali, glezi inabaki uji uliokauka. Na majivu yanarukia juu, ndo maana wenye glezi wanachomea ndani ya tanuru lililofungwa au wanafunika chombo ndani ya chombo kingine.

Kile kilichopasuka naona mambo mawili. Kwanza ulikipaka maji ya glezi kikanywa, chungu cha Kikisi kinakunywa maji kama sifongo, ukakitia motoni bado kina unyevu ndani. Pili udongo wake umezoea maisha mengine. Wale akina mama wanakifinyanga kwa mkono wakikizungusha taratibu, wanasugua na jiwe kinateleza, wanapamba kwa udongo mweupe na mwekundu, na moto ule mdogo unakiacha na vitundu vidogo vidogo visivyoonekana. Hivyo vitundu ndo vinafanya ukiweke jikoni kwenye mafiga kisipasuke, moto unakivuta na kukirudisha na chenyewe kinakubali. Wewe ukikivika kioo na kukichoma zaidi unakinyang'anya kile kilichokuwa kinakisaidia, na hata kikitoka salama, udongo na glezi zisiposinyaa sawa utapata nyufa kama utando wa buibui.

Kama unataka glezi tafuta udongo wako, tengeneza vigae vidogo 10, choma kwanza bila kitu, halafu paka, choma tena. Chungu cha mama wa Ikombe kiache kipike maharage. Na kwa kweli nimeumia kusoma "vizuri kabisa" halafu "kimepasuka" mstari mmoja.

SWALI: Shikamoo. Nasoma sanaa chuo, nyumbani Njombe. Mwalimu katuonyesha picha za Mwitaliano anaitwa Carlo Zauli, vyombo vimepinda, vimebonyea kama vimeangukiwa na lori, mwalimu anasema ni kazi kubwa. Sasa mimi mtungi wangu ulibonyea hivyohivyo akanipa sifuri. Hapo haki iko wapi?

JIBU: Marahaba, umenichekesha mpaka chai imemwagika.

Zauli ni wa Faenza, alizaliwa 1926 akafa 2002. Faenza ni mji mwingine wa udongo, hata neno faience Wafaransa wanalotumia kwa vyombo vya glezi limetoka kwenye jina la mji huo, na wana makumbusho ya vyombo tangu 1908. Zauli alisoma shule ya ufinyanzi ya hapohapo, na ile tuzo kubwa ya ufinyanzi ya Faenza akaibeba mara tatu, 1953, 1958 na 1962. Hizo tarehe zinasema kitu: kwanza alijua kutengeneza chombo kilichonyooka, dunia ikakubali, ndipo baadaye akaanza kuvivuruga. Alifanya kazi na udongo mgumu wa moto mkubwa, nyuzi 1,200 hivi, na alikuwa na glezi yake nyeupe ya kijivu kidogo ambayo watu waliiita nyeupe ya Zauli. Anazungusha chombo safi kwenye gurudumu, halafu kikiwa bado kibichi anakisukuma, anakikunja, mpaka kinaonekana kama kinageuka usingizini.

Wewe wa Njombe utamwelewa kuliko mwalimu wako. Ana kazi anaziita madongoa, na nyingine jina lake maana yake ni ardhi iliyolimwa, ni udongo umepasuliwa na kupinduliwa na mgongo wake uko juu. Toka asubuhi mwezi wa kumi na moja nenda shambani watu wakiwa wanalima matuta ya viazi, jembe likiingia lile bonge linalogeuka, upande uliokatwa na jembe unang'aa na upande wa pili una mizizi. Ndo hicho. Sisi tunakikanyaga, yeye alikichoma.

Sasa sifuri yako. Niambie ukweli, mtungi ulibonyea au uliubonyeza? Kama ulibonyea kwa sababu ulilowesha sana maji na ukuta wa chini ukawa mwembamba, mwalimu yuko sawa, na Zauli angekupa sifuri vilevile. Fanya hivi, tengeneza mitungi mitatu iliyonyooka, unene wa kidole kutoka chini mpaka shingoni, kata mmoja katikati kwa uzi umwonyeshe mwalimu ukuta uko sawa. Wa pili uache ulivyo. Wa tatu ukiwa umekauka nusu uukunje unavyotaka, lakini kabla hujaugusa chora kwenye karatasi utakavyokuwa. Mpelekee vyote pamoja na karatasi, na huo wa kukata usiutupe, loweka urudi kwenye ndoo, udongo wa kununua ni ghali.